Kiatu cha Mama Yetu: okidi ya altareni na okidi ya mlimani



Sisi mafrateri tunaporudi nyumbani likizo, kazi ya kwanza tunayopewa parokiani si kuhubiri. Ni kubeba ndoo za maji na kuwasaidia akina mama wa WAWATA kupamba kanisa. Ukikaa nao Jumamosi mchana unajifunza mengi kuhusu liturujia ambayo darasani yanapita haraka. Unajifunza pia kwamba ukanda wetu una utani wake. Igawa iko chini, kwenye joto, kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, mahali ambapo mto Mbarali unatoka milimani na kuingia katika tambarare za Usangu. Mpunga unastawi, vumbi halikosekani, lakini ua bichi la kudumu mpaka Misa ya pili Dominika ni shida kulipata. Basi tunapamba kwa maua ya plastiki. Na huku tukiinua macho kusini tunaona ukuta wa milima ya Kipengere, na tunajua kwamba huko juu kuna Kitulo, ambayo wenyeji wameiita Bustani ya Mungu tangu zamani.

Ndiyo maana swali hili halishangazi: "Frateri, kwa nini tuweke plastiki mbele ya Yesu wakati Bustani ya Mungu iko hapo juu?" Siku hizi swali huja na picha kwenye simu. Picha inaonyesha okidi ya ajabu, yenye mfuko mbele kama ncha ya ndala iliyofunikwa, imewekwa peke yake katika chombo cha kioo kwenye harusi ya huko Ulaya au Asia. Anayeuliza anaamini kwamba ua hilo ndilo lile la Kitulo, na kwamba vijana wawili wenye pikipiki wanaweza kupanda kupitia Chimala, wakazimaliza kona 57 za kwenda Matamba, na kurudi jioni na maua ya kutosha sherehe nzima.

Tunaomba tujibu kwa utaratibu, kwa sababu ndani ya swali hilo kuna maua mawili tofauti, na kosa la kuyachanganya linaweza kuugharimu mlima.

Tuanze na ua la kwenye picha. Tuliite okidi-kiatu. Wataalamu wa mimea wanayo makundi kadhaa ya okidi za umbo hilo. Linalotumika zaidi kama ua la kukata ni Paphiopedilum, ambalo asili yake ni Asia, kuanzia India na kusini mwa China hadi visiwa vya Indonesia na Papua. Yapo mengine ya Amerika ya Kusini, na mengine ya nchi za baridi za kaskazini, Ulaya ikiwemo. Katika Afrika kusini mwa Sahara okidi-kiatu haioti porini hata moja. Hivyo ukiliona ua hilo Tanzania, ujue kuna mtu aliyelileta na kulipanda kwenye chungu.

Jina lake lina historia ambayo Wakatoliki tunapaswa kuijua. Huko Ulaya wakulima na watawa wa zamani waliliita ua hili kiatu cha Mama Yetu, yaani cha Bikira Maria. Kwa Kilatini waliandika Calceolus Mariae, "kijiatu cha Maria". Jina la Kiingereza linalotumika mpaka leo, lenye maana ya "kiatu cha bibi", ni mabaki ya jina hilo: Bibi aliyekusudiwa ni Mama Yetu. Kisha wakaja wasomi waliopenda Ugiriki ya kale kuliko rozari. Mwaka 1753 Linnaeus alilipa jina Cypripedium, kiatu cha mungu wa kike wa Kupro, yaani Venus. Mwaka 1886 Pfitzer naye akatunga Paphiopedilum, ndala ya yule wa Pafo, na huyo wa Pafo ni Venus yuleyule. Lakini katika jina kamili la ile ya Ulaya, Cypripedium calceolus, kijiatu kimebaki, ingawa mwenye kiatu amebadilishwa. Hatulalamiki sana. Tunaona tu kwamba mwenye kutaka kuliweka ua hili miguuni pa sanamu ya Bikira Maria haleti mtindo mpya kutoka kwenye simu, bali analirudisha mahali lilipowahi kuwa.

Je, linafaa kama ua la kukata? Linafaa, kwa masharti.

Sifa yake kubwa ni kudumu. Ua la waridi likikatwa hukaa siku chache. Okidi-kiatu, ikikatwa kwa wakati wake na kuwekwa mahali pa baridi, hukaa majini wiki mbili na mara nyingi zaidi. Sababu iko katika kazi ya ule mfuko. Mdudu huvutwa na ua, akateleza na kutumbukia mfukoni. Kuta za mbele ni laini, hawezi kurudi alikoingilia. Njia pekee ya kutoka iko nyuma, nyembamba, imewekewa vinywele vya kushika miguu, na humpitisha kwanza chini ya sehemu ya kike ya ua, halafu kwenye chavua. Akitoka amebandikwa mzigo mgongoni, na hakuna asali aliyopewa. Wachache wanaodanganyika mara mbili ndio wanaolichavusha ua. Kwa kuwa bahati hiyo ni adimu, ua limeumbwa kungoja. Halinyauki upesi, maana huenda mgeni akafika wiki ya tatu. Mpambaji anafaidika na subira hiyo. Ua likishachavushwa hunyauka haraka, kwa hiyo wakulima huweka wavu kuzuia nyuki.

Sharti la kwanza ni kutokata mapema. Okidi iliyokatwa siku ile inafunguka hulegea na haiponi. Iachwe siku kadhaa baada ya kufunguka, hadi petali zikazike na kung'aa kama zimepakwa nta. Wembe wa kukatia upitishwe motoni kabla ya kuhamia mmea mwingine, kwa sababu virusi vya okidi husafiri kwa utomvu, na mmea ukishaambukizwa hauna dawa. Shina likatwe tena kidogo linapofika sakristia, na maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu.

Kuna jambo lingine ambalo wapambaji wetu wengi hawajaambiwa, nalo linahusu maua yote, si okidi tu. Matunda yanayoiva hutoa hewa iitwayo ethilini, na hewa hiyo huyazeesha maua. Siku ya matoleo tunaleta vikapu vya ndizi mbivu na kuviweka mbele ya altare, bega kwa bega na chombo cha maua kilichotugharimu. Jumatatu maua yameinamisha vichwa, na lawama anatupiwa aliyeyauza. Moshi wa mishumaa na ubani nao una ethilini kidogo. Ubani hatuwezi kuuacha, na wala hatutaki. Ndizi tunaweza kuzisogeza upande wa pili.

Sasa udhaifu wake. Waridi hutoa shina refu na kichaka chake huzaa mfululizo. Kamba ya okidi za aina nyingine, kama Cymbidium, hubeba maua kumi au zaidi kwenye shina moja. Okidi-kiatu iliyozoeleka, Paphiopedilum insigne kutoka milima ya kaskazini-mashariki ya India, hutoa shina moja fupi, lenye manyoya, na ua moja juu yake. Kila chipukizi huchanua mara moja tu maishani, halafu huwaachia nafasi machipukizi mapya. Tena mimea hii haikubali kwa urahisi kuzalishwa maabara kwa vipande vya ncha ya chipukizi kama okidi nyingine. Huongezwa kwa mbegu au kwa kugawanya chungu, na mbegu huchukua miaka hadi ua la kwanza. Ndiyo maana, ingawa insigne ililimwa kwa wingi Uingereza tangu karne ya 19 kama ua la kukata la wakati wa Noeli, haikuwahi kuwa ua la kila mtu.

Udhaifu wa pili ni wa macho. Rangi zake ni kijani cha manjano, kahawia, zambarau iliyoiva, na nyeupe kwenye ukingo wa sepali ya juu. Ukilitazama kwa karibu huchoki: lina madoadoa, mistari na nywele ndogo. Ukikaa benchi la mwisho katika kanisa la watu 500 huoni kitu, unaona doa la kahawia. Halafu ua lina uso. Linatazama upande mmoja, likiwa limeinama kidogo, na ukilipanga kimzunguko kama waridi, nusu ya maua yatawapa waamini kisogo. Maoni yetu ni kwamba halifai kwa lundo kubwa la sherehe, na anayelichanganya na maua ishirini mengine amelipoteza. Linafaa kwenye kikanisa kidogo, mbele ya sanamu ya Mama, au karibu na tabernakulo mahali watu wanapopiga magoti. Shina moja au matatu, chombo chembamba, jani moja pana nyuma, uso kuelekea anayesali. Basi.

Hapo tunagusa tulichosoma mwaka huu. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 39, anataja mambo matatu ambayo uzuri unayadai: ukamilifu, uwiano na mng'ao. Wengi wetu tulikariri hayo kwa ajili ya mtihani. Ukikaa na ua moja lililowekwa vizuri unaelewa kwa nini ukamilifu unatajwa kwanza. Kitu kizima hakihitaji kuongezewa. Kanisa nalo linaelekeza hivyo kwa lugha ya kawaida. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kirumi, namba 305, unataka mapambo ya maua yawe na kiasi, na yawekwe kuzunguka altare kuliko juu ya meza yake. Majilio maua yaruhusiwe kwa kadiri inayolingana na kipindi, bila kuitangulia furaha ya Noeli. Kwaresima hayaruhusiwi, isipokuwa Dominika ya Laetare, sherehe na sikukuu. Parokia inayofuata namba hiyo moja haina haja ya kupeleka pikipiki mlimani kutafuta maua mengi.

Turudi basi mlimani, kwa maana hapo ndipo penye uzito.

Maua ya Kitulo ni okidi kweli, ila si za kiatu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba takriban 413, na uwanda wake uko kwenye mwinuko wa kama mita 2,600. Ni hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Aina 350 za mimea zimeorodheshwa, na kati yake 45 ni okidi zinazoota ardhini. Zipo Disa za rangi ya chungwa na waridi, zipo Habenaria, zipo Satyrium ambazo ua lake dogo limefunga kofia yenye mikia miwili. Huenda kofia hiyo ndiyo inayowafanya watu waone kiatu. Disa ukingensis imebeba jina la milima ya Ukinga. Zinachanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi.

Okidi hizi huishi kwa viazi vilivyo chini ya ardhi, kwa kawaida viwili: kimoja cha mwaka huu kinachonyauka, kingine kinachojengwa kwa ajili ya mwakani. Theophrasto, mwanafunzi wa Aristotle, ndiye aliyetuachia jina la okidi kutokana na umbo la viazi hivyo viwili. Wenzetu wanaosoma Kigiriki wanajua maana yake. Wengine waulize faragha. Majani mengi ya okidi hizi yako kwenye shina lilelile linalobeba ua. Ukilikata refu ili likae vizuri kwenye chombo, umechukua na majani, na kiazi cha mwakani hakilishwi. Umechukua pia mbegu. Mbegu ya okidi ni vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti mpaka ikutane na uyoga fulani udongoni wa kuilisha. Mwaka 1922 Lewis Knudson, Mmarekani, alionyesha kwamba zinaweza kuota kwenye chupa yenye sukari na madini bila uyoga huo, na biashara yote ya okidi za kulimwa ikafunguka. Mlimani hakuna chupa. Kati ya maelfu ya mbegu hupona chache mno.

Na mlima huu tayari umechimbwa. Viazi vya okidi huchanganywa na karanga na kupikwa kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia. Viazi vya kwao vilipopungua, biashara ilivuka Tunduma. Uchunguzi wa Davenport na Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka kwenda Zambia. Mchimbaji huchukua kile kiazi kipya, kigumu, kwa sababu cha zamani hakina kitu. Yaani huchukua mwakani. Hatuwahukumu wachimbaji. Wengi ni ndugu zetu wanaotafuta ada ya shule, na gunia moja la viazi vya okidi halina ushindani na gunia la viazi mviringo kwa bei. Lakini mtu mwenye njaa anayechimba na kwaya inayokata maua kwa ajili ya kupendeza hawako kwenye mizani moja. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 33, alihuzunikia aina za viumbe zinazotoweka kila mwaka kabla watoto wetu hawajaziona. Itakuwa ajabu kama orodha hiyo itaongezwa na watu waliokuwa wakienda kumpamba Muumba wake.

Sheria nayo iko wazi: kuchuma mmea ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa. Okidi zote duniani ziko chini ya mkataba wa CITES, ambao Tanzania ni mwanachama, na Paphiopedilum iko katika orodha kali zaidi ya mkataba huo. Kwa hiyo hata mmea wa kigeni uliolimwa kwenye chungu hauvushwi mpakani bila vibali.

Anayedhani tunatia chumvi atazame Uingereza. Kiatu cha Mama Yetu kilikuwa kikiota kaskazini mwa nchi hiyo na kuuzwa masokoni kwa mafungu. Watu walikata, wakang'oa, wakapeleka bustanini. Mwaka 1917 ua likatangazwa kuwa limekwisha. Mwaka 1930 likaonekana tena Yorkshire: mmea mmoja. Mahali pake pakafanywa siri, ukawekewa walinzi, na wataalamu wa bustani ya Kew wakatumia miaka mingi kuotesha miche ya kurudisha porini. Waliolimaliza walikuwa watu waliolipenda.

Basi nini kifanyike kwa anayelitaka kweli? Lilimwe. Igawa yenyewe ni joto mno na kavu mno kwa insigne, hilo tuseme mapema ili mtu asipoteze fedha. Uyole, Mbeya mjini, Iringa na Mafinga hali ya hewa inalielekea, mradi liwe kivulini na lisipigwe na baridi kali ya usiku. Halipandwi kwenye udongo wa shamba. Hutaka vipande vya magome ya msonobari, na hapo hatuna shida, kwa kuwa msitu wa Sao Hill uko kwetu na magome hutupwa kwenye mashine za mbao. Changanya na vipande vya mkaa, mwagilia maji ya mvua, usiache chungu kikasimama majini. Ua hili hufuata baridi. Huko kaskazini huchanua kuelekea Noeli. Upande wetu wa dunia baridi ni Juni na Julai, wakati wa Ekaristi Takatifu na Moyo Mtakatifu, na msimu wa upadrisho pia. Mimea inunuliwe kwa mkulima aliyeizalisha mwenyewe, si kwa mtu anayefungua gunia.

Kwa kanisa la Igawa lenyewe tunashauri mengine kwa siku za kawaida: matete ya mto, majani ya mitende, na wakati wa mavuno masuke ya mpunga wa Usangu, ambayo yanaonekana hadi benchi la mwisho na hayaogopi ethilini. Okidi ikipatikana kutoka Uyole, shina lizungushiwe pamba yenye maji, ua lifunikwe kwa karatasi laini, liwekwe kwenye boksi na lipande basi la asubuhi. Jioni liwe miguuni pa Mama, na likitunzwa litakuwepo Dominika ya pili.